Wosia wa Mwana Kupona na Moyo wa Mtoto

Katika tenzi za kale za pwani yetu, Utenzi wa Mwana Kupona umepata bahati na msiba kwa pamoja. Bahati yake ni kwamba umedumu. Mtunzi mwenyewe ataja mwaka aliouandika, nao ni 1275 wa Hijria, yaani kama 1858 kwa hesabu ya Miladi, na hata leo ungali ukisomwa. Msiba wake ni kwamba watu wengi waujua kwa jina kuliko kwa beti zake. Mwulize mwanafunzi utenzi huu wasema nini, naye atajibu kwamba wamfunza mke kumtii mumewe, basi. Alice Werner na William Hichens walipoupiga chapa mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa jina linalotaja wajibu wa mke, na jina hilo limekuwa kama kibao cha mlangoni: mpita njia akisha kusoma kibao hudhani ameiona nyumba.

Nia yangu katika insha hii ni kuingia ndani ya nyumba yenyewe. Sikatai kwamba habari za mume na mke zimo, na tena ni nyingi, nitazifikia. Lakini kabla ya kuwa mafunzo ya ndoa, utenzi huu ni neno la mzazi kwa mtoto wake, lililosemwa wakati ambapo kesho ilikuwa haijulikani. Basi yafaa tuupime kwa kipimo hicho. Je, mama huyu alimpa bintiye kitu cha kumsimamisha imara, au alimpa amri tupu? Na ikiwa alimpa kitu, je, kilimtosha?

Kwanza tuutazame wakati wenyewe. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji ulio katika kisiwa cha Pate, ambacho leo kimo katika Kaunti ya Lamu. Bwana Mataka hakukubali kuwa chini ya Sayyid Said wa Unguja. Majeshi ya Sultani yalikuja kumpiga, naye akayakabili, na Siu ikapata sifa ya mji mgumu kuvunjika. Mwaka 1856 Bwana Mataka akafariki. Mwaka huo huo Sayyid Said naye akafariki. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ile, Mwana Hashima, alijikuta ameondokewa na baba, mji wake una maadui, na mamaye yu kitandani mgonjwa. Mwana Kupona mwenyewe asema kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Yasemekana kwamba alifariki mnamo 1860. Kwa hiyo utenzi huu haukutungwa na mtu aliyekaa kivulini akiwaza habari za malezi. Ulitungwa na mtu aliyeona muda wake ukimwishia.

Sasa tuangalie aanzavyo. Amwita binti akaribie. Kisha, katika beti za mwanzo kabisa, amwambia waziwazi kwamba ameugua muda mrefu, na kwamba katika muda huo hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Baada ya beti chache amwambia kwamba mwanadamu si kitu, ulimwengu huu si wetu, wala hapana mtu atakayesalia ndani yake. Maneno hayo ni mazito kwa kijana. Wazazi wengi wangeyaficha. Wangesema, "Usijali, mwanangu, nitapona," huku wakigeuza uso ukutani.

Hapa ndipo nionapo sifa ya kwanza ya utenzi: wamheshimu mtoto kwa kumwambia kweli. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hudhani methali hiyo yamhusu mgonjwa peke yake, kumbe yawahusu na waliomzunguka. Mtoto hana haja ya kuambiwa kwamba nyumba ina taabu. Huiona katika nyuso, huisikia katika minong'ono inayokatika aingiapo chumbani. Asipoambiwa kweli hujitungia yake, na ile anayojitungia aghalabu hutisha kuliko kweli yenyewe. Vijana wanaosoma insha hii watakumbuka mwaka 2020, shule za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya maradhi ya korona, na madarasa mengi yasirudi mpaka Januari 2021. Wengi wenu mlikuwa wadogo wakati ule. Jiulizeni: ni nani aliyewatuliza zaidi, yule aliyesema hakuna neno, au yule aliyekaa nanyi akawaeleza lijulikanalo na lisilojulikana? Mwana Kupona ni wa namna hii ya pili. Hakumwahidi binti kwamba atapona. Alimwahidi radhi yake, na radhi ya mama haimwishii mtoto hata mama akiisha kuondoka.

Sifa ya pili imo katika amri ndogo ambayo msomaji mwenye haraka huipita. Mama amwambia binti aje akae mbele yake akiwa na wino na karatasi. Kisha amwagiza aanze kuandika kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumtaja Mtume na sahaba zake. Tuelewe maana ya jambo hili. Mwana Hashima hakukalishwa ili asikilize tu akilia. Alipewa kazi. Mkono wake uliandika yale ambayo sikio lake lilisikia, na hivyo wosia ukawa wake kwa njia mbili. Mwenye hofu asiye na kazi ya kufanya huzidiwa na hofu yake. Apewapo kazi ya maana, japo ndogo, hujiona kuwa yumo katika shauri la watu wazima, si mzigo wa kubebwa. Katika chuo cha ualimu ninapofundisha, huwaambia wanachuo wangu kwamba ubeti huu wafaa kuwekwa mbele ya kila mwalimu. Mtoto unayetaka ajiamini, usimhubirie kujiamini. Mpe kalamu, mwache aandike, kisha uitumie kazi aliyoiandika.

Sifa ya tatu ni ya kisanaa, nayo yataka tuitazame kwa makini. Kabla ya kutoa funzo lolote, mama auita wosia wake kwa majina ya vitu vinavyovaliwa. Mara ni hirizi ya kufungwa kwa uzi imara. Mara ni kidani cha lulu na marijani cha kung'aa shingoni. Mara ni kifungo kizuri kisicho na ila. Kwa nini akachagua vitu vya shingoni? Angeweza kuuita wosia ngome, kwa kuwa Siu ilikuwa na ngome. Angeweza kuuita upanga, kwa kuwa mumewe alikuwa mpiganaji. Lakini ngome hubaki nyuma mtu ahamapo, na upanga hutaka mkono wa kuushika. Kidani huenda na mvaaji popote aendapo, hakimlemei, na tena humpamba. Nadhani mama aliyeugua mwaka mzima alikuwa akifikiri safari za bintiye, siyo nyumba yake.

Na umbo la utenzi lasaidia kusudi hilo hilo. Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza huishia kwa kina kimoja, na kile cha nne huishia kwa kina cha utenzi mzima, ambacho hurudi ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho. Mtunzi mwenyewe ataja hesabu ya beti zake kuwa 102. Maneno yaliyofungwa namna hii hayapotei upesi. Mtu aliyeyaimba utotoni huyakuta kinywani mwake uzeeni, hata kama karatasi imeliwa na mchwa. Mama alijua kwamba sauti yake itanyamaza. Akaipangia njia ya kurudi. Basi tunapowafundisha wanafunzi mizani na vina, tusiseme kwamba ni pambo la lugha tu. Katika utenzi huu mizani ndiyo uzi wa ile hirizi.

Sifa ya nne ni udogo wa mambo anayoyaamuru. Aanza na nguzo tatu: kushika dini, kuwa na adabu na ulimi mwema, na kuwa mkweli. Kisha ashuka katika mambo ya kila siku. Waonapo wakubwa, na aondoke kwa heshima. Azungumzapo, na awe mchangamfu asiye na maneno ya kuumiza. Nyumba isafishwe, na ifukizwe manukato. Msomaji wa leo aweza kuuliza, ni msaada gani huu kwa msichana ambaye dunia yake yatikisika? Nami najibu kwamba ndio msaada wenyewe. Msichana hawezi kuzuia majeshi ya Unguja wala kuondoa ugonjwa wa mama. Lakini kesho asubuhi aweza kufagia ua, kusema kweli, na kumwamkia mgeni kwa uso mkunjufu. Vitendo hivi havitegemei habari iliyoletwa na jahazi. Atakapovifanya siku mia, ataona kwamba mtu aliyevifanya yu hai, ana kawaida yake, wala hakusombwa na mawimbi. Haba na haba hujaza kibaba, na uthabiti wa moyo nao hujazwa hivyo.

Hizo ndizo sifa. Lakini mhakiki asiyetaja ila ni kama mnunuzi asiyegeuza kitambaa. Huenda akarudi nyumbani na tundu. Utenzi huu una ila tatu, na vijana, hasa wasichana, wana haki ya kuelezwa bila kufichwa.

Ila ya kwanza ni uzito wa radhi ya mume. Mwana Kupona asema kiumbe ahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Mpaka hapo mume ni wa tano katika watano. Lakini mara apandishwa juu ya mahali pake. Binti aambiwa kwamba siku ya kufufuliwa mume ataulizwa, na lile atakalo ndilo atakalotendewa mke: akitaka aende peponi, atakwenda, akisema motoni, hana budi kutiwa. Hapa mama aliyejenga nyumba nzuri juu ya mwamba aondoa jiwe moja la msingi na kuliweka mikononi mwa mtu mwingine. Ikiwa wokovu wa binti wategemea ulimi wa mume, itakuwaje mume akiwa dhalimu? Utenzi haujibu. Mwana Kupona aliishi na mume aliyempenda, na katika beti zake akumbuka kwamba Bwana Mataka alifariki akirudia kusema kwamba yu radhi naye. Kutokana na bahati yake mwenyewe akatunga kanuni ya watu wote. Huo ni upungufu wa hoja, hata ukiwa umetoka katika moyo mwema.

Hata hivyo yafaa tusome ubeti kwa macho mawili. Katika mafunzo hayo hayo ya kumhudumia mume, binti aambiwa amlaze, ampepee, asimwamshe kwa ghafula, na amtunze kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Tazama mfano huo! Bwana mkubwa mwenye kufungua mlango wa pepo sasa amekuwa mtoto asiyeweza hata kutaja haja yake, na mke ndiye mwenye akili ya kuitambua. Sijui kama mtunzi alicheka alipoutunga. Lakini msomaji makini hukosi kuona kwamba nguvu imehama kimyakimya kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ila ya pili ni juu ya watu wa chini. Mama amhimiza binti awe na huruma kwa maskini na mwenye haja, na hilo ni jema. Lakini pia amkataza asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Siu na Lamu za siku zile zilikuwa na utumwa, na nyumba ya mtawala ilikuwa na watumwa wake. Wako wasemao kwamba tusiwahukumu watu wa kale kwa sheria za leo. Nakubali kwamba tusiwatukane. Lakini hata siku zile walikuwapo watu ambao ubeti huu uliwauma, nao ni watumwa wenyewe, na baadhi ya wajukuu wao ni miongoni mwetu darasani. Uthabiti unaompa mtoto mmoja heshima kwa kumsogeza mwingine kando umeazimwa, na deni lake hulipwa siku moja.

Ila ya tatu ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa kuwa yaonekana kidogo. Katika beti zote 102, Mwana Hashima hasemi neno. Aitwa, akaa, aandika, asikia. Hatumsikii akiuliza, "Na ukifa, mama, nitakaa na nani?" Hatumsikii akikataa jambo, wala akilia. Naam, ndivyo zilivyo desturi za wosia. Mwusia husema na mwusiwa hupokea. Lakini malezi si wosia tu. Mtoto hujiamini pale anaposikia sauti yake mwenyewe ikijibiwa na mtu mzima bila hasira. Mwana Kupona alifungua mlango huo alipomtia kalamu mkononi, kisha hakumwacha aandike hata ubeti mmoja wa kwake.

Twaweza kumlinganisha na Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962. Yeye naye alifiwa na mkewe, Amina, akabaki na malezi ya watoto. Katika kitabu chake cha maisha yake aliweka tenzi mbili za wosia, mmoja kwa bintiye, uitwao Hati, na mwingine kwa mwanawe wa kiume, uitwao Adili. Ni wazi kwamba ajua njia aliyoipita Mwana Kupona, naye aifuata. Lakini jambo moja lawatofautisha: Shaaban Robert hakudhani kwamba binti peke yake ndiye mwenye kuhitaji kuusiwa. Mvulana naye alikalishwa akaambiwa wajibu wake. Laiti wanaume wa tenzi za zamani wangaliusiwa namna ile, huenda ile radhi ya tano isingalikuwa nzito kiasi kile.

Basi hukumu yetu iwe ipi? Wengine watasema ila hizi zatosha kuufunga utenzi katika sanduku. Mimi nasema hapana, na sababu yangu naipata katika beti za mwisho, ambazo wengi hawazifikii. Huko mama aacha kuamuru, aanza kuomba. Amwomba Mungu amponye. Amwomba amhifadhie wanawe na ndugu yake mdogo, na majina yao yakue yaenee nchi zote. Ajiita mtu mgeni, mpweke, mwenye huzuni. Mwanamke yule aliyepanga mambo ya nyumba kwa utaratibu mkubwa akiri sasa mbele ya bintiye, ambaye bado ana kalamu mkononi, kwamba yeye mwenyewe ana hofu na majonzi. Wala hajionei haya.

Kwa rai yangu hapo ndipo utenzi unapotoa funzo lake lililo kubwa kupita mafunzo yote yaliyotamkwa ndani yake. Watoto wengi huambiwa kwamba shujaa haogopi. Wakiisha kuogopa, kama ilivyo lazima, hudhani wameshindwa. Mwana Hashima aliona kwa macho yake mtu mwenye maumivu na huzuni akiendelea kutunga, ubeti kwa ubeti, bila kukosa kina. Hakuna hotuba juu ya ujasiri iwezayo kulingana na jambo hilo. Tena tukumbuke kwamba aliyelifanya alikuwa mjane. Hakuwa na mume wa kumwambia tunga au usitunge. Maneno yake yasema kwamba mwanamke husimama kwa radhi ya mume. Kitendo chake chaonyesha mwanamke aliyesimama peke yake, akautaja mwaka na hesabu ya beti zake, na akawaita wanawake wengine waje wausome. Maneno yakipingana na kitendo, msomaji mwerevu huvitazama vyote viwili na kuuliza ni kipi kilichomgharimu msemaji zaidi.

Kwa hiyo nawashauri vijana wausome utenzi huu wote, siyo vipande vilivyochaguliwa kwa mtihani. Lugha yake ni Kiswahili cha kaskazini, na maneno mengine yatawapiga chenga. Mwulizeni mtu wa Lamu au mtafute kamusi, wala msione tabu. Mshike unaposema kweli, mpingane nao unapomdhalilisha mtu. Kisha, baada ya kuusoma, chukueni wino na karatasi kama alivyoamriwa Mwana Hashima, muandike beti kumi ambazo yeye angemjibu mamaye: aliyoyakubali, aliyoyakataa, na lile swali ambalo hakupata nafasi ya kuliuliza. Kila kipande kiwe na mizani minane.